Tashrih si Kupasua Tu

Huku kwetu Lutindi, Korogwe, mtu akisema "kupasua" wengi hufikiria gogo na msumeno, kwani kupasua mbao ni kazi ya milimani tangu zamani. Neno hilohilo hutumika kwa mgonjwa aliyefanyiwa operesheni, na hilohilo kwa maiti. Wafasiri wetu nao wakikutana na tashrih katika fatwa za Kiarabu huandika "kupasua maiti" na kuendelea mbele. Tafsiri hiyo ina kasoro, na kasoro yake inafika makaburini.

Kilugha, tashrih inatokana na sharaha: kufungua, kukunjua, kubainisha. Humo ndimo ilimotoka sharh, ufafanuzi wa kitabu, kama Kashifat as-Saja inavyoifafanua Safinat an-Naja wanayosoma wanafunzi wetu. Humo pia imetoka "sherehe" inayochapwa mwishoni mwa vitabu kueleza maneno magumu (ile ya pilau tuiache).

Ibn an-Nafis, tabibu na mwanafiqhi wa Kishafi aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288), aliandika Sharh Tashrih al-Qanun, maneno mawili ya mzizi mmoja katika anwani moja. Humo alieleza jinsi damu inavyotoka moyoni kupitia mapafu, akampinga Galen, na huku akisema kuwa sheria na huruma vilimzuia kufanya tashrih kwa mkono wake. Wanahistoria wanabishana kama kweli hakushika kisu. Kwetu sisi inatosha kuona kuwa tashrih kwake ni elimu ya viungo kabla ya kuwa kitendo. Ukiandika "kupasua", elimu hiyo imetoweka.

Ama wanafiqhi, walipotaka kusema kupasua walisema. Shirazi katika al-Muhadhdhab, akimzungumzia mama aliyekufa na mtoto hai tumboni, ametumia shaqqa, na ameruhusu. Operesheni ya aliye hai ni jiraha. Hadith ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Abu Dawud, inayolinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai, imetumia kasr. Ni kweli wanazuoni huitaja Hadith hiyo katika mlango huu, kwa kuwa heshima ya maiti haiishii mifupani. Lakini huitaja ili waipime haja, hawaifanyi kufuli.

Mwaka 1408 Hijria (1987) Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu tashrih kwa makusudio matatu: kujua sababu ya kifo penye shaka ya jinai, kuchunguza maradhi, na kufundisha utabibu. Msikilizaji wa "kupasua" hayasikii hayo. Husikia msumeno, akakataa, na haki ya damu ya ndugu yake ikazikwa naye.

Kwa kadhi na polisi tuseme "uchunguzi wa maiti". Kwa wanafunzi wa utabibu tuseme "tashrihi", kama tulivyosema fiqhi na tafsiri. Na anayenukuu ruhusa ya Makka anukuu na masharti yake: isizidi kiasi cha dharura, maiti wa kike afanyiwe na tabibu wa kike ila akikosekana, na viungo vyote vizikwe.

Wallahu aalam.