Pochi Hukaguliwa Konani

Kila msimu wa harusi, kuanzia kicheni pati hadi sendofu, pochi za kitenge zilizoshonwa nyumbani huzungushwa mezani kama sahani ya halua. Mwenye pochi anaulizwa, "Shoga, umeshona mwenyewe?" Anajibu kwamba ni yeye mwenyewe, tena kwa usiku mmoja. Pongezi zinamiminika. Anayeijua kazi naye akipokezwa huigeuza mara moja tu, anaona kona mbili za juu zimezama ndani, zipu imepinda mgongo, bitana inachungulia kama haikualikwa. Anairudisha kwa adabu na kusema, "Hongera, mpenzi." Adabu hiyo ndiyo iliyoharibu ushonaji wa pochi.

Kosa la kwanza la wasifiaji ni kusifu kitambaa. Kitambaa kina mwenyewe. Kama ni waksi ya Vlisco, kampuni iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, basi uzuri wake ulikuwepo kabla mkasi haujashikwa. Kazi ya mshonaji ilikuwa kuchagua na kukata, na hapo ndipo wengi huanguka. Waksi ya kweli huchapwa rezini pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi. Rezini ikipasuka, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba isiyofanana popote. Mshonaji asiyejua huikwepa mishipa hiyo akidhani ni doa, kisha anakwenda kununua kitenge kilichochapwa upande mmoja, ambacho mgongo wake umepauka hata kabla ya kufuliwa. Asiyeamini macho yake achomoe uzi mmoja pindoni auwashe kiberiti. Wa pamba hugeuka jivu laini. Wa polista huyeyuka na kuganda kijidonge kigumu.

Ua kubwa likae katikati ya pochi. Kama kuna ndege, kichwa chake kisiliwe na mshono. Haya hayana mjadala.

Kanga ni shughuli nyingine kabisa. Pindo, mji na jina vilipangwa kwa ajili ya mwili wa mwanamke, si kwa pochi ya sentimita 25. Anayechukua kanga ya Mali ya Abdulla, nembo ya duka la Kaderdina lililoanza Mombasa mwaka 1887, akaikata jina katikati ili apate mstari wa maandishi mbele ya pochi, amemkata mtu kauli. Jina liingie zima au lisiingie. Waliobobea hutumia mji peke yake kwa nje, na jina wakalikunja mara mbili wakalishona mfukoni, ndani ya bitana, lisomwe na mwenye pochi tu anapotafuta ufunguo.

Sasa kona.

Watu hutazama zipu inapofunguka na kufungika, wakaridhika. Hawatazami inapoishia. Pochi nzima iko pale, kwenye sentimita moja ya kila ncha, mahali zipu inapokutana na mshono wa ubavu. Hesabu ni rahisi: mbele na nyuma kuna kitenge mara mbili, gamu ya kukazia mara mbili, bitana mara mbili. Zipu ikiachwa ifike hadi ubavuni, inajikunja katikati na kuongeza utepe wake na meno yake juu ya tabaka hizo zote. Sindano ya namba 14 inagonga, inapinda, na zipu ikiwa ya chuma inavunjika. Hata ikipita salama, pochi ikigeuzwa lile bonge halina pa kwenda. Linavuta kitambaa ndani, na kona iliyopaswa kuwa ya mraba inajikunyata. Hakuna pasi itakayoinyoosha, wala penseli ya kuisukuma kutoka ndani. Penseli itatoboa tu.

Dawa yake ni vikofia. Zipu hukatwa iwe fupi kuliko pochi, na kila ncha huvishwa kipande kidogo cha kitenge kilichokunjwa, kikashonwa kabla ya kazi nyingine yoyote. Kwa pochi ya sentimita 25, meno yaishie karibu sentimita moja kabla ya mshono wa ubavu, kila upande. Mshono ukifika pale unakutana na kitambaa kitupu. Baada ya hapo ziada hupunguzwa kwa mkasi mpaka karibu na uzi, kona ya bitana hukatwa kimshazari, na pochi hugeuzwa. Kona inasimama yenyewe. Kazi ya vikofia viwili ni ya dakika chache, lakini ndiyo inayorukwa na kila anayejisifu kwamba alimaliza kwa usiku mmoja. Na kuna kundi jingine, lisilo na msaada, linalosahau kufungua zipu nusu kabla ya kufunga mishono ya pembeni. Hao pochi yao haigeuki kabisa mpaka wafumue.

Tanga aliwahi kuwepo fundi wa kike aliyekagua kazi za wanafunzi wake bila kuzitazama. Aliipokea pochi, akaifungua zipu yote, akaingiza vidole gumba viwili kwenye kona za juu na kuvisukuma nje kwa pamoja, macho yake yakiwa barabarani. Kidole kimoja kikifika kabla ya kingine, pochi ilirudi kwa mwenyewe pamoja na wembe wa kufumulia. Hakusema neno. Wanafunzi wake wa zamani hutambulikana mpaka leo: wakiingia dukani, vidole gumba hutangulia.

Wajanja nao wana elimu yao. Wako wanaosokota pamba na kuijaza konani ili ionekane imejaa. Iminye, itabonyea na isirudi. Wako wanaobandika bitana kwa gundi badala ya kuishona, na ubaya wao huonekana pochi ikiachwa ndani ya gari juani. Aliye mbaya kuliko wote ni yule anayeweka boksi la viatu mahali pa gamu. Siku ya kwanza pochi yake husimama wima kuliko zote mezani na husifiwa kuliko zote. Glasi moja ya maji ikimwagika, biashara imekwisha. Gamu ya kitambaa iliyobanwa vizuri kwa pasi ya moto, ikikandamizwa na kuinuliwa bila kuburutwa, haitoi sauti. Kwa hiyo pochi ipelekwe sikioni na kuminywa. Ikichakarika, irudishwe mezani.

Mengine ni ya kufuatwa tu. Bitana iwe bafta au pamba nyepesi ya rangi ya mwanga, kwa sababu ndani ya bitana nyeusi hata shilingi elfu kumi hupotea. Satini haifai. Bitana ikatwe ndogo kuliko nje kwa milimita tatu hivi, isije ikajaa mikunjo chini. Mshono wa juu ukimbie milimita mbili au tatu kutoka ukingo wa kitenge kando ya zipu, bila kuyumba. Tundu la kugeuzia lifungwe kwa mkono, kwa mshono wa kuficha. Kulipitishia cherehani ni uvivu. Zipu ya rangi ya dhahabu haipatani na kitenge, hata waseme nini.

Na shanga? Shanga huja pale mshono uliposhindwa. Kuna kisa kinachopendwa na wanaozitetea: Judith Leiber, aliyejifunza kutengeneza mikoba Budapest na kufungua kampuni yake New York mwaka 1963, alipokea mwaka 1967 pochi ya chuma ambayo upakaji wake wa dhahabu uliharibika, akaifunika kwa vito na kupata umaarufu wa dunia. Wanasahau kwamba huyo alikuwa ameanzia kwenye meza ya mafundi, akipanda ngazi mpaka akahitimu, na chini ya vito vyake mkoba ulikuwa umekwishajengwa. Mshonaji aanze na kona, vito vitafuata.

Zamani mambo haya yalifundishwa bila kelele. Katika somo la sayansikimu msichana alishona pindo, mwalimu akalivuta, likafumuka, akashona tena mpaka kengele ikalia. Kitambaa cha kujifunzia kilikuwa marekani, na kwa vitu vya heshima kulikuwa na pamba nzito ya Urafiki, kiwanda kilichoanza kazi Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Cherehani ilikuwa ya mkono, haikimbii kuliko akili ya anayeizungusha. Bibi za wasichana hao hawakuwa hata na pochi. Fedha zilifungwa kwenye ncha ya kanga, na fundo lile halikuwahi kufunguka sokoni.

Anayenunua leo afanye jambo moja zaidi kabla ya kutoa fedha: amwulize mshonaji zipu ikiharibika itabadilishwa vipi. Kichwa cha zipu ndicho huchakaa kwanza, na mjini wapo mafundi wanaokibadilisha kwa fedha kidogo wakati mteja anasubiri. Kwa pochi yenye vikofia, fundi hufumua upande mmoja, huingiza kichwa kipya na kushona tena. Kwa iliyobandikwa gundi hawezi hata kuanza, atairudisha na kumwambia mwenyewe anunue nyingine.