Sharti na Kigezo: Istilahi ya Kupaka Rangi Mistari ya Orodha

Mfasiri anayeunda istilahi za kompyuta hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kulichukua neno la kigeni kama lilivyo. Cha pili ni kukifasiri kila kipande chake kwa neno la kwanza analolikuta kwenye kamusi. Hiki cha pili ndicho chenye hatari zaidi, maana matokeo yake huwa na sura ya Kiswahili ilhali maana imepotea. Tungependa kuieleza hatari hiyo kwa istilahi moja tu.

Programu nyingi za kompyuta huonyesha orodha dirishani, na huweza kuipaka rangi baadhi ya mistari yake. Programu huupitia mstari mmoja mmoja na kuuliza swali iliyopewa; jibu likiwa ndiyo, mstari hupakwa rangi. Habari za mstari zikibadilika, swali huulizwa upya, na rangi huweza kuondoka. Tafsiri inayomjia mfasiri upesi ni "uumbizaji wa masharti".

Kwa neno "uumbizaji" hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni juu ya "masharti". Katika matumizi ya watu, sharti ni jambo ambalo mtu hulazimika kulitimiza: mkopo una masharti, mganga hutoa masharti, na "sharti ufike mapema" ni amri kamili. Tazama basi maelezo haya: "Sharti mkulima awe hajachukua mbolea." Mtungaji alikusudia kuuliza swali, msomaji ameletewa katazo.

Kosa hili si la kinadharia. Mwezi Agosti 2022 Serikali ilizindua huko Mbeya mpango wa mbolea ya ruzuku, na wakulima wakaandikishwa kwa ajili hiyo. Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi, na kwa mkulima wa huko mfuko wa mbolea si jambo dogo. Tuchukue mfano wa karani wa Sumbawanga mwenye orodha ya wakulima, ambayo baadhi ya mistari yake ni myekundu. Kama ameelezwa kwamba rangi hiyo imewekwa "kwa masharti", ataelewa kwamba wenye mistari hiyo wamevunja masharti, na huenda akawarudisha nyumbani mikono mitupu. Kumbe wekundu huo wawaonyesha wale ambao bado hawajapata haki yao! Neno moja limemgeuza anayedai kuwa mkosaji.

Mkulima mwenyewe angeweza kumfundisha mfasiri. Katika mashamba ya uwanda wa juu wa Ufipa, mhindi uliopungukiwa na naitrojeni hugeuka manjano kuanzia ncha za majani ya chini. Uliopungukiwa na fosforasi ukiwa mchanga huingiwa na rangi ya zambarau kingoni mwa majani. Hakuna asemaye kwamba mhindi huo umepewa masharti. Husemwa: ukikosa hiki, huwa hivi. Kiambishi "-ki-" kinatosha kabisa kubeba fikra ambayo mfasiri anaitafutia nomino nzito.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi iwe "upakaji rangi kwa kigezo". Kigezo ni kitu cha kupimia na kulinganishia. Hakimwamrishi mtu wala hakimlaumu. Huenda wengine wakapinga kwamba neno hilo hutumika pia kwa maana ya ruwaza ya kufuatisha. Maana hiyo ina neno lake, "kiolezo", na yafaa liachiwe kazi hiyo. Pili, maelezo ndani ya programu yatungwe kwa sentensi ya "-ki-": "Mkulima akiwa hajachukua mbolea, paka mstari wake rangi nyekundu."

Istilahi hii ina faida nyingine. Huitenga rangi iliyopakwa na programu na rangi iliyopakwa na karani kwa mkono wake. Hii ya mkono hubaki palepale hata baada ya mkulima kuchukua mbolea yake. Ile ya kigezo huondoka yenyewe. Asiyejua tofauti hiyo ataiamini rangi iliyokwisha kuwa uongo.

Aidha, rangi isiachwe peke yake. Wako watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na mashine nyingi za kuchapia hutoa nyeusi tu. Kando ya kila mstari liandikwe neno, kwa mfano "hajachukua".

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ilithibitika kwamba programu za ofisini zaweza kusema Kiswahili. Wajibu uliobaki ni kuhakikisha kwamba Kiswahili hicho chasema kweli. Kabla ya kuipitisha istilahi, walimu na wafasiri waisome mbele ya karani atakayeitumia, kisha wamwulize ameelewa nini.