Kibanda na Moto: Uhakiki wa Kauli Isiyoandikwa

Wahakiki wetu wamezoea kutafuta fani na maudhui katika maandishi. Lakini ziko kauli zisizoandikwa, nazo zastahili kuhakikiwa. Mfano mmoja ni kibanda cha mabati ambacho wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikijenga katika viwanja vya chuo mwezi wa Februari 2016, kulalamikia uhaba wa malazi. Walikiita Shackville.

Kwa upande wa fani, kibanda hicho kilijitosheleza. Mabati yaleyale ya vitongoji vya maskini yalisimamishwa mbele ya kumbi za mawe, na umaskini ambao wakuu walizoea kuupita mbali ukawekwa njiani mwao. Chuo kilidai kwamba kibanda kimeziba njia, kikaagiza kihamishwe. Dai hilo halikuwa la uongo. Lakini kauli ya namna hii hupata maana kutokana na mahali iliposimama, na kuihamisha ni kuibatilisha. Tarehe 16 Februari kilibomolewa.

Siku hiyohiyo waandamanaji walitoa picha katika majengo ya chuo, wakachoma zaidi ya 20. Hapa ndipo tunapoachana nao. Miongoni mwa zilizoteketea zilikuwamo za Keresemose Richard Baholo, mwanafunzi mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya sanaa chuoni humo, ambaye alikuwa amechora maandamano ya wanafunzi waliowatangulia hao. Moto haukujua kusoma: uliunguza ushahidi wa mapambano yaleyale uliowashwa kuyatetea. Yuko atakayesema kwamba kuchoma nako ni kusema. Twamjibu kwamba kibanda kiliongeza sauti katika mjadala, ilhali moto ulizipunguza.

Chuo nacho hakikusalimika. Baadaye kiliondoa au kufunika kazi za sanaa zaidi ya 70, kwa kuhofia zingeudhi au zingeharibiwa. Mwaka 2017 David Goldblatt, aliyeupiga picha ubaguzi wa rangi kwa miongo mingi, aliondoa hifadhi ya picha zake chuoni humo akaipeleka Yale, Marekani, kwa kupinga hatua hiyo. Mtafiti wa Cape Town sasa hana budi kuvuka bahari ili aione hifadhi hiyo yenyewe.

Twapendekeza kipimo kimoja: kauli iachwe isimame hata ikiudhi, mradi haifuti kauli ya mwingine. Mizani hiyo iwapime wanafunzi na wakuu wao sawasawa.