Kila Kokoto na Wino Wake

Mtu mfupi mwenye kitambi anakatiza jangwani na nyumbu wake, yule mwana wa punda na farasi, na nyumbu mwenyewe hafungi mdomo. Mbele yao limesimama genge zima linalotaka roho ya huyo bwana. Mchora katuni mwenye haraka angechora sura nne tano za mbele, nyuma akajaza vivuli, na msomaji angeelewa kwamba maadui ni wengi. Geof Darrow, katika toleo la kwanza la Shaolin Cowboy lililotoka mwaka 2004, aliwachora wote. Aliwapanga katika picha moja ndefu inayovuka ukurasa hadi ukurasa, na kila mmoja akapewa uso wake, nguo zake, silaha yake na namna yake ya kusimama. Jambazi atakayeuawa punde bila kutamka neno ameshonewa koti kwa uangalifu ule ule aliofanyiwa shujaa.

Kazi ya namna hiyo haiendi na kalenda. Katuni za kawaida za Marekani hutoka kila mwezi, kurasa ishirini na kitu, na ili zisichelewe kazi hugawanywa: huyu anachora kwa penseli, yule anapitisha wino, mwingine anatia rangi, mwingine anaandika maneno. Mchoraji akizidiwa, huitwa mwenzake amshikie zamu. Darrow hutunga hadithi mwenyewe, huchora mwenyewe na kupitisha wino mwenyewe, na zamu yake haishikiki. Matoleo 7 yalitoka kati ya 2004 na 2007, kisha kimya. Mwaka 2013 yakaja 4 chini ya mchapishaji mwingine, Dark Horse. Mengine 4 yakafuata 2017, na 7 kuanzia 2022. Jumla 22, achilia mbali jarida moja la 2012 lililobeba maandishi zaidi ya michoro. Katuni ya kila mwezi iliyoanza pamoja nayo ingekuwa imepita toleo la 200.

Wasomaji wamenung'unika, na wana haki. Lakini anayemtaka Darrow achore upesi anataka katuni nyingine kabisa.

Darrow alizaliwa mwaka 1955 huko Iowa, na alianzia Hanna-Barbera, studio ya katuni za televisheni, akibuni wahusika. Katika kazi hiyo kila kifungo cha ziada kwenye shati ni gharama, maana kuna watu watakaolazimika kukichora tena na tena ili mhusika atembee. Alipokutana na mchora katuni Mfaransa Jean Giraud, maarufu kwa jina la Moebius, na kuhamia Ufaransa miaka ya 1980, vifungo vilirudi vyote na riba juu. Huko ndiko alikomchora Bourbon Thret, mzururaji mnene anayepigana, ambaye mtu anaweza kumwita kaka mkubwa wa Shaolin Cowboy. Kisha ikaja Hard Boiled, iliyoandikwa na Frank Miller: matoleo matatu tu, kati ya 1990 na 1992, kuhusu mkusanya kodi aitwaye Nixon ambaye kumbe ni mashine. Gari likigonga kitu katika kitabu hicho, vioo havimwagiki kwa ujumla. Humwagika kipande kimoja kimoja, juu ya vichungi vya sigara ambavyo navyo vimechorwa kimoja kimoja.

Ndugu Wachowski waliiona kazi hiyo wakamwita kubuni mashine za filamu yao ya The Matrix ya mwaka 1999. Burlyman Entertainment, iliyochapisha Shaolin Cowboy mwanzoni, ilikuwa kampuni yao. Mwaka 2006 katuni hiyo ilimpatia Darrow tuzo ya Eisner ya mwandishi na mchoraji bora.

Siri yake, kama ni siri, ni kukataa giza. Weusi mwingi huwasitiri wachoraji wa mapigano: mkono usiokaa vizuri unazamishwa kivulini, umati unageuzwa wingu. Darrow hana pa kujificha. Mstari wake ni mwembamba, na unene wake ni ule ule kuanzia pua ya shujaa hadi kopo la soda lililotupwa kule mbali. Mzigo unaobaki humwangukia mtia rangi, awali Peter Doherty, baadaye Dave Stewart. Yeye ndiye anayepaswa kumwonyesha msomaji kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma bila kuzima hata kokoto moja. Ukurasa wa Darrow usiotiwa rangi unachosha macho. Ukishatiwa, jicho linapata njia ya kupita.

Mfano mgumu kuliko yote ni toleo la pili la mfululizo wa 2013. Shujaa ameshika mti mrefu, kila ncha imefungwa chenso inayonguruma, na amezungukwa na mazombi. Kila ukurasa umegawanywa visanduku viwili vya upana, na karibu hakuna neno. Anakata, anageuka, anakata. Kurasa zinaendelea hivyo hivyo hadi msomaji aanze kujiuliza kama amechezewa shere, na wapo waliosema wazi kwamba walilipia hadithi wakapewa bucha. Hoja yao si ya kupuuzwa. Ila ukitazama kwa karibu utaona hakuna mwili uliorudiwa. Huyu ana soksi moja, yule ana chale zinazosomeka, na maiti za kisanduku kilichopita bado zimelala pale pale zilipoangukia. Aliyekulia kwenye mabanda ya video, akimwangalia Bruce Lee kwenye kanda iliyochakaa, anajua pigano huisha mtu akishinda. Hapa pigano ni kibarua, na kibarua kina jasho.

Pengine ndiyo maana ukatili wake hauna utukufu. Takataka zinabaki barabarani, nzi wanakuja. Na karibu kila adui ana kisa cha haki: King Crab, kaa aliyejifunza kupigana, analipiza kisasi kwa sababu shujaa alikula jamaa zake. Jambo hilo ni la kuchekesha hadi utakapojaribu kumtetea aliyekula.

Udhaifu upo. Nyumbu anaropoka kuliko inavyohitajika, na utani mwingi umefungwa kwenye filamu na siasa za Marekani, kiasi kwamba msomaji wa mbali anacheka nusu yake tu. Bila michoro, hadithi yenyewe ingeenea kwenye bahasha.

Anayeanza leo hana haja ya kungoja miaka, kwani matoleo ya Burlyman yamekusanywa katika kitabu kimoja, Start Trek. Asome mara ya kwanza kwa ajili ya ngumi. Mara ya pili aachane na shujaa, afuate kingo za kurasa: makopo, maandishi ya ukutani, na hasa mijusi, ambao katika kila ghasia wanaonekana kuwa na shughuli zao.