Ubaridi, Ukavu na Ganzi: Kuhusu Kielezi “Coldly”

Miongoni mwa vielezi vya Kiingereza vinavyompotosha mfasiri wa Kiswahili kimo “coldly”. Aghalabu hufasiriwa “kwa ubaridi”. Kisarufi tafsiri hiyo haina ila. Ila imo katika maana.

Kwa Mwingereza, joto ni upendo na baridi ni kukosa upendo, na lugha iliyokulia penye theluji haikutazamiwa kusema vinginevyo. Katika Kiswahili hasira ndiyo moto: mtu huwaka, huchemka, kisha hupoa. Kitenzi “burudika” kina asili moja ya Kiarabu na “baridi”, wala hakuna aburudikaye kwa kuchukiwa. Mtu baridi ni mpole, pengine mzembe. Hasemwi kuwa hana huruma.

Mitaa ya Eastlands, Nairobi, imeisogeza mbele sitiari hiyo. Sheng, ambayo M. H. Abdulaziz na Ken Osinde (1997) waliihusisha na mitaa hiyo tangu miaka ya 1970, imelifanya “poa” kuwa jibu la salamu na sifa ya kila kilicho chema. Huenda “cool” ya Wamarekani imechangia, lakini mbegu ilikwisha kuwamo. Msomaji wa Kaloleni au Jericho akiambiwa kwamba mtu alijibu kwa ubaridi, ataelewa kwamba alijibu kwa utulivu.

Si kwamba Kiswahili hakina namna ya kutaja kutojali. Mwenye nyumba akivitoa nje vyombo vya mpangaji mgonjwa, husemwa kwamba amevitoa macho makavu. Lakini usemi huu una uzito ambao kielezi cha Kiingereza hakina. Jicho kavu ni lile lililopaswa kulia au kuona haya, lisifanye hivyo. “Coldly” hueleza namna ya tendo. “Macho makavu” humhukumu mtendaji.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Thomas Akare, katika riwaya yake The Slums (1981), amempa usimulizi Eddy, kijana wa Majengo, Pumwani, ambaye makazi yake ni gari bovu. Eddy husimulia dhiki za mtaa wake pasipo kuomboleza, na mhakiki wa Kiingereza angeweza kusema kwamba husimulia “coldly”. Mfasiri akiandika “kwa ubaridi”, atamfanya kijana huyo mtu mpole aliyeridhika na hali yake. Akiandika “macho makavu”, atamtia hatiani kwa ufukara ambao hakuusababisha, na kumweka safu moja na mwenye nyumba.

Linalomfaa ni neno la tatu, ambalo wafasiri hawalikumbuki, labda kwa sababu si kielezi: moyo wake umekufa ganzi. Ganzi huingia penye kiungo kilichokaliwa au kubanwa muda mrefu. Kwa hiyo usemi huo unamwacha msomaji na swali ambalo kielezi cha Kiingereza hakilichochei, nalo ni nani aliyeukalia moyo huo.