Baharia Aliyelichora Ziwa Tanganyika

Ukitoka Kabungu ukaelekea magharibi hadi Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, inapokomea, unakuta ziwa, huko Ikola na Karema. Mwaka 1874, kabla Wabelgiji hawajajenga kituo chao Karema, mwambao huo ulipitwa na luteni wa Jeshi la Majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, akitoka Ujiji na vyombo viwili vya makasia na tanga. Alikuwa ametumwa kumsaidia mpelelezi Livingstone, lakini alipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, akapata habari za kifo chake kutoka kwa waliokuwa wakiubeba mwili. Wengi wangerudi; yeye akaendelea hadi ziwani.

Aliingia jeshini mwaka 1857 akiwa na miaka 13, na ujuzi wa huko ndio uliomfaa ziwani. Kujua umbali wa kwenda kaskazini au kusini si kazi kubwa: unapima kimo cha nyota inapofika juu kabisa, na kwa kuwa nchi kavu haina upeo wa bahari, unaitazama nyota ikiakisiwa kwenye sinia la zebaki. Kazi ni mashariki na magharibi. Huko hutakiwa saa isiyokosea, na saa haivumilii miezi mabegani mwa wapagazi. Kinachobaki ni kuufanya saa mwezi, ambao kila saa husogea kati ya nyota kwa takriban upana wake wenyewe. Ukikosea pembe kati ya mwezi na nyota kwa dakika moja tu ya digrii, ramani inahama kilomita 50 na zaidi. Ndiyo maana alipima tena na tena.

Kwa maoni yangu, umbo la ziwa lenyewe lilimbeba. Limenyooka kaskazini hadi kusini, hivyo kipimo kile chepesi ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya mchoro. Kati ya rasi na rasi, dira ikamaliza.

Alizunguka kusini, akapanda na upande wa magharibi, na mwanzoni mwa Mei akaingia mto Lukuga. Mito mingine iliingiza maji; huu uliyatoa. Aliufuata maili chache hadi majani yaliyoelea yakamziba. Kwamba unafika mto Lualaba, hilo hakulipima: aliambiwa na chifu wa hapo. Mpelelezi Stanley alipofika mwaka 1876 hakuona mkondo wa maana, akatia shaka. Ziwa lilikuwa bado linajaa nyuma ya kizuizi cha matope na majani. Kilipobomoka, Edward Hore, baharia mwingine, alikuta mwaka 1879 maji yakitoka kwa nguvu.