Hoteli ya baba yake Yusuf

Chumba namba 7 kilikuwa shilingi 20,000, self, kina feni na neti yenye tundu moja lililofungwa kwa uzi mwekundu. Chini ya kitanda kulikuwa na ndala, moja ya bluu na moja ya kijani, zote zimekatwa kipande kisiginoni ili mgeni asije akaondoka nazo. Nyuma ya mlango palibandikwa sheria: mwisho wa chumba ni saa nne asubuhi, malipo kwanza, vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi, la sivyo uongozi hautahusika. Ni gesti ya Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ukiwahi kulala gesti yoyote nchi hii, umeshalala hapo.

Mapokezi alikuwepo dada mmoja, kavaa dera na kajitanda mtandio, mbele yake daftari la wageni.

“Uko peke yako, dada?”

“Niko peke yangu.”

“Na hakuna atakayekufuata?”

“Hakuna.”

Akaniangalia vizuri. Mwanamke peke yake gesti, siku ya kazi, ni swali ambalo halijajibiwa. Halafu akakiona kitabu nilichokuwa nimekiweka juu ya kaunta wakati natafuta kitambulisho. “Peponi? Mbona huko ni njia ya Pangani, dada. Hapa umepitiliza. Na kule bei mbaya.”

Alikuwa sahihi. Ipo hoteli ya ufukweni yenye jina hilo, upande wa Kigombe. Nikamweleza kwamba hii ni riwaya. Akasema “aa”, akarudi kwenye daftari lake.

Nilikuwa nimekuja Tanga kwa kazi ya gazeti, kuandika habari za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Posho ilitosha gesti na chapati mbili za asubuhi, zaidi ya hapo ujitegemee. Kitabu nilikibeba kwa bahati tu. Ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nilikuwa nimeshakisoma. Tena nilikuwa nimeshakiandikia mapitio mwaka uleule, maneno mengi tu, nikasifia msafara wa kwenda bara, nikasifia bustani yenye kuta, nikazungumzia ukoloni wa Wajerumani na Nobeli ya 2021. Naomba radhi kwa mapitio yale. Hoteli sikuitaja hata mara moja.

Na riwaya inaanzia hotelini. Baba yake Yusuf ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, na hoteli hiyo ni ya mwisho katika orodha ya biashara zake zilizokufa. Kawa ni mji wa kubuni, lakini mtu wa Tanga haumpi shida kuuona. Wajerumani waliufanya ghala lao wakati wanajenga reli ya kwenda nyanda za juu. Pesa ikaingia, watu wakaingia. Reli ikasogea mbele, na pesa ikasogea nayo. Treni zikabaki kusimama pale kuchukua kuni na maji. Sasa fikiria wewe ndiye uliyefungua hoteli mahali ambapo treni inasimama kwa ajili ya kuni na maji.

Wasomaji wengi, mimi nikiwemo, tunazivuka kurasa hizi mbio kwa sababu tunajua Yusuf ataondoka. Tunataka treni, duka la pwani, Khalil na maneno yake, kisha msafara. Hoteli tunaichukulia kama mandhari ya kufungulia tu. Usiku ule Ngamiani, feni ikikwaruza na jirani wa chumba namba 8 akibishana na simu, nilizisoma taratibu, nikaona kwamba mambo yote yanayokuja baadaye yameshapangwa pale. Mtoto wa miaka kumi na miwili amelelewa katika nyumba ambayo riziki yake ni kumpendeza mgeni. Ndicho anachokijua. Kwa hiyo anapofika tajiri Aziz na msafara wake, nyumbani hupikwa vyakula ambavyo siku za kawaida havionekani, mtoto huchangamka, na mgeni anapoondoka humwachia sarafu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Gurnah ameichukua methali hiyo (sijui kama kwa makusudi) akaigeuza ndani nje: mgeni anakuja, mwenyeji anashiba, na kumbe kila sahani imeandikwa mahali. Mgeni ndiye mdai. Akiondoka safari ya mwisho anaondoka na mtoto.

Kwa Kiingereza hapa mwandishi analazimika kuchagua. Wana neno la mgeni anayekaribishwa na neno jingine la mgeni asiyejulikana. Sisi tunalo moja. Mgeni ni yule unayemtandikia shuka safi, na mgeni ni yule usiyemfahamu aliyetokea barabarani. Ndiyo maana naona riwaya hii imerudi kwao ilipotafsiriwa, hata kama iliandikwa Uingereza. Yusuf ni mgeni kila anapokwenda, na neno linabaki lilelile, hivyo msomaji hapewi ishara ya kumwambia kama safari hii anakaribishwa au anatazamwa kwa jicho la pembeni. Anabaki na wasiwasi uleule alio nao mtoto. Hata neno hoteli limepata kitu. Kwetu pwani ukisema unakwenda hotelini watu wanaelewa unakwenda kunywa chai. Kulala ni gesti. Hoteli ya Kawa inakaa katikati ya hayo mawili, haijui ni nini hasa, kama mwenye nayo.

Na jina lenyewe, Peponi. Paradise ni kitu, unaweza kukipoteza. Peponi ni mahali: unakwenda, unatoka, unapitiliza. Yule dada wa mapokezi alikisoma kichwa cha kitabu vizuri kuliko mimi niliyekiandikia gazetini.

Sasa niseme kwa nini kurasa zile zilinikaba.

Shangazi yangu alikuwa na gesti Muheza, karibu na stesheni. Vyumba vinane, choo cha nje, taa ya nje ya bluu. Muheza ni mji wa reli hasa. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, na njia ikapita Muheza ikielekea milimani, ikafika Moshi 1911. Wageni wa shangazi walikuwa watu wa mkonge, wachuuzi wa machungwa, makarani, na wale ambao hawakuandika jina lao la kweli kwenye daftari. Kilimo cha mkonge kilikuwa kimeshaporomoka kabla sijazaliwa. Nchi iliyovuna tani zipatazo 230,000 mwaka 1964 ilikuwa inavuna sehemu ndogo tu ya hizo. Kisha treni ya abiria nayo ikaacha kuja. Shangazi akaendelea kutandika vitanda vinane kila asubuhi. Nakumbuka harufu ya shuka zilizofuliwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa nyuma, na mimi mtoto mdogo napita katikati yake kama ni mitaa.

Alikuwa anadaiwa na mfanyabiashara mmoja aliyemkopesha mabati na magodoro. Mtu mpole, mcha Mungu, akija anatuletea visheti. Siku moja binamu yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, akaambiwa atakwenda kukaa kwa yule bwana, “akasaidie dukani, ajifunze biashara”. Akaondoka na begi la shule. Shule yenyewe hakurudi. Alikaa miaka minne. Nyumbani kwetu neno rehani halikutajwa, na hata leo ukilitaja kwenye shughuli ya ukoo, mtu atakuuliza kama umeshakula.

Nikiwa chuo nilisoma makala kadhaa kuhusu Paradise, nyingi zikizungumzia rehani ya Yusuf kama mila ya zamani, jambo la misafara na pembe za ndovu. Binamu yangu alikwenda kwa basi.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa Gurnah. Hakumfanya baba yake Yusuf kuwa mtu mbaya. Wala mvivu. Kosa lake ni kuamini kwamba mji utaendelea kukua kwa sababu jana ulikua. Tunataka mzazi anayemtoa mtoto awe katili, ili tupate wa kumlaumu na tulale. Riwaya inatunyima hilo. Inatupa mtu mwenye madaftari na vitanda, anayetazama barabarani.

Lakini nina ugomvi nayo pia, na ni wa haki. Mama yake Yusuf yuko wapi? Tunamwona jikoni, tunaona huzuni yake, basi. Mtu aliyelelewa gesti anajua kwamba biashara hiyo inasimama juu ya mikono ya wanawake: nani anafua, nani anachota maji, nani anaamka saa kumi usiku mgeni wa basi akigonga. Baba anaitwa mwenye hoteli, mama anaitwa mama. Gurnah ni fundi wa watu wasio na sauti, lakini huyu amempita haraka. Kurasa tano zaidi za Kawa, zikiwa mikononi mwake, ningezibadilisha na msafara wote hadi maziwani. Najua wengi hamtakubali.

Na siyo yeye peke yake. Katika riwaya zetu za Kiswahili gesti ni mahali pa dhambi au pa maiti. Mume anafumaniwa, jasusi anajificha, msichana wa shule anaharibikiwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba yeye ni mtu wa hoteli kubwa, za lifti na baa. Anayemiliki vile vyumba vya bei poa, mwenye kuhesabu taulo asubuhi, sijakutana naye kwenye kurasa zaidi ya mistari miwili, na aghalabu yupo ili ampe mpelelezi funguo. Ajabu kidogo, kwa pwani ambayo imeishi kwa kupokea watu. Tanga yenyewe inatajwa kwa msemo wa waja leo, waondoka leo. Waja leo wameandikwa sana. Anayewapokea bado.

Asubuhi nilimkuta mwenye gesti uani, mama wa makamo, anahesabu shuka. Nikamwamkia shikamoo. Tukaongea. Aliongeza vyumba sita mwaka juzi kwa mkopo, maana watu wa bomba walikuwa wanajaa, wengine wanalipia mwezi mzima. Alinionyesha vile vipya, milango bado inanuka rangi.

“Na ujenzi ukiisha, mama?”

“Wakiondoka hao watakuja wengine. Hii ni Tanga, mwanangu.”

Nilitaka kumwambia habari za Kawa. Nikaona ni utovu wa adabu, mgeni wa usiku mmoja kumtabiria mwenyeji njaa. Nikamwuliza bei ya magodoro. Habari niliyopeleka ofisini ilikuwa ya bomba, kilomita, na ajira. Yeye hayumo, hakukuwa na nafasi.

Wakati wa kutoka dada wa mapokezi alinigeuzia daftari nitie sahihi. Safu zake ni zilezile za Muheza: tarehe, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda. Mstari wa juu yangu mtu ameandika kazi yake “safari”. Kwenye anakokwenda nilikuwa nimeandika Dar es Salaam jana yake kwa haraka. Nikakata, nikaandika Muheza.

Binamu yangu ana duka pale sasa, la vifaa vya ujenzi. Siyo msomaji. Nilimwachia kitabu kwenye kaunta, kando ya misumari, nikamwambia asome kurasa za mwanzo tu, kuna hoteli. Hakuuliza kwa nini. Wiki tatu baadaye akanitumia ujumbe: “Nimefika wanapopanda treni. Nimeiweka kwanza.”